Chukua Kibanio Kabla ya Rimoti

Hotuba ya kuwakaribisha wanachama wapya wa klabu ya ndege za mfano na droni, Kilifi

Hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Mama na baba zetu mliokuja kujionea wenyewe watoto wanajiandikisha kwenye jambo gani, karibuni, na ahsanteni kwa kuamka alfajiri siku ya Jumapili. Sitawaweka sana, maana tuko kwenye kaskazi na tabia yake mnaijua: sasa hivi makuti yametulia, lakini ikifika saa nne na nusu yatakuwa yanapigana, na nataka kila mgeni aione ndege moja ikipaa kabla ya hapo.

Nimeshika kitu mkononi. Mlio nyuma labda hamkioni. Ni kibanio cha nguo, kile cha mbao chenye springi, kama vilivyojaa kwenye kamba za nyumba zetu. Hiki kimeandikwa namba 3 kwa rangi nyekundu. Mkishajaza fomu, hiki ndicho kifaa cha kwanza mtakachokabidhiwa, kabla ya betri, kabla ya rimoti, kabla ya ndege yenyewe. Acheni niwaeleze kilikotoka.

Tulioanza mchezo huu na redio za zamani tunakumbuka kwamba kila rimoti ilikuwa na kipande cha fuwele ndani yake, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Fuwele hiyo ndiyo iliyoamua rimoti itasema kwenye masafa gani ya redio. Uingereza ndege za mfano zilipewa masafa ya 35 MHz, Marekani 72 MHz, na masafa hayo yakakatwakatwa vijia vyenye namba. Ndege yako ikiwa kwenye kijia fulani, inasikiliza kijia hicho tu. Haimjui mwenyewe. Sasa ikitokea mtu kule kwenye maegesho ya magari amewasha rimoti yenye fuwele kama yako, ndege inasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, haijui itii ipi, inaanza kutetemeka, halafu inakuja chini. Wewe hukukosea lolote. Mtu amebonyeza swichi mita mia moja nyuma yako, na kazi yako ya miezi sita imekuwa kuni.

Dawa waliyoipata watu wa klabu haikutoka maabara. Walitundika ubao kiwanjani, wakabana vibanio vyenye namba za vijia. Mwenye kibanio namba 3 mkononi ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwasha rimoti ya kijia cha 3. Akitua, anazima, anarudisha kibanio, mwingine anachukua. Ilikuwa hivyo kwenye klabu nyingi sana duniani kwa miaka mingi. Vyama vyenyewe vilikuwapo hata kabla ya redio, Waingereza walianzisha chama chao cha taifa mwaka 1922 na Wamarekani 1936, lakini tabia ya kumwendea mwenzako na kumuuliza “nani yuko hewani?” kabla hujagusa swichi, mimi naamini imelelewa na ubao ule.

Leo hatuhitaji fuwele. Tangu katikati ya miaka ya 2000 redio zetu zimehamia kwenye 2.4 GHz. Rimoti na kipokezi cha ndege huoanishwa mara moja mezani, kila kimoja kikajua alama ya mwenzake, na baada ya hapo vinasikilizana vyenyewe hata kama watu kumi wamewasha rimoti zao pembeni. Klabu nyingi ziling'oa ubao. Sisi tulikaa tukazungumza, tukaamua ubao ubaki. Vibanio ni vinne, kwa hiyo ndege zilizo hewani hazizidi nne. Asiye na kibanio hakai kivulini na simu yake. Anasimama bega kwa bega na mwenye kibanio, macho juu, akiwa macho ya pili.

Hilo ndilo nililokuja kusema hapa. Kila ndege moja inahitaji watu wawili. Mkinisikia nikilirudia leo na Jumapili ijayo na ile nyingine, mnivumilie.

Kuna mzee mmoja Mmarekani nampenda bila ya kuwahi kuonana naye, marehemu sasa, jina lake Maynard Hill. Alikuwa mhandisi na mjenzi wa ndege za mfano maisha yake yote. Alipostaafu akaingiwa na fikra kwamba ndege ndogo, ya kutengenezwa karakanani kwa mkono, inaweza kuvuka bahari ya Atlantiki. Kanuni za rekodi za dunia hazikuruhusu ndege ya mfano kama yake kuzidi kilo 5, pamoja na mafuta yake. Hebu ipime akilini: kilo 5 ni kama mifuko miwili na nusu ya unga wa kilo 2. Kutoka Newfoundland nchini Kanada hadi Ireland ni zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu.

Ndege za mwanzo zilipotea. Zilipaa vizuri zikaingia baharini na hazikuonekana tena. Kila moja ilikuwa miezi ya kukata balsa, ule ubao mwepesi kuliko kizibo, na kuivisha ngozi ya plastiki nyembamba. Tarehe 9 Agosti 2003 wakairusha nyingine, waliyoiita TAM 5, kutoka Cape Spear, huko huko Newfoundland. Ilikuwa na bawa la kama mita 1.8, injini ndogo moja, na mafuta yasiyofika lita 4. Baada ya saa 38 na dakika 52 ikafika ufukwe wa Ireland karibu na mji wa Clifden, jirani na pale walipotua Alcock na Brown mwaka 1919 walipokuwa watu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Maynard Hill alikuwa na umri wa miaka 77. Macho yake yalikuwa yameharibika kiasi kwamba kisheria alihesabiwa kipofu, na masikio pia yalikuwa mazito. Kwenye ufukwe wa Ireland alisimama mwenzake mwenye rimoti, akaisubiri, akaiona ikitokea juu ya maji, akaichukua mikononi mwake na kuituisha. Mzee alikuwa ng'ambo ya pili, Kanada. Ndege yake ilitua kwa macho ya watu wengine. Nimesoma habari hii mara nyingi na kila nikifika hapo koo linanikaba, kwa sababu nawafahamu watu wanaoweza kunifanyia hivyo, na wengi wao wamekaa kwenye viti hivi.

Na mimi nina safari yangu ya baharini, ila niliifanya peke yangu.

Ni miaka kadhaa sasa. Nilikuwa na droni mpya, ya rafadha nne, yaani yale mapanga yanayozunguka, yenye kamera nzuri, na nilitaka kuwapiga picha wavuvi wakitandaza juya alfajiri. Nikapanda mashua na nahodha mmoja, nikaiweka droni juu ya ubao wa mbele, nikawasha. Ikatafuta setilaiti zake, ikalia mlio wa kuonyesha iko tayari, ikapaa. Kila kitu kilikuwa sawa. Sikuzingatia jambo moja: ule mlio maana yake ni kwamba imeweka kumbukumbu ya mahali ilipotoka, na hapo ndipo itakaporudi betri ikipungua. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka kwa nguvu, na mashua haikutia nanga. Nikakaa nimeinamia kioo dakika kumi na tano, natazama nyavu, natazama mwanga, picha zinapendeza. Betri ikafika asilimia 20, droni ikaanza kurudi nyumbani. Kwenye kioo nikaona maji yanakuja, yanakuwa makubwa, mawimbi madogo yanaonekana moja moja. Nikadhani ni kamera. Nilipoinua kichwa, droni ilikuwa mita mia tatu nyuma yetu, inashuka taratibu kwa adabu zote, inatua juu ya bahari mahali pale pale tulipokuwa mwanzo.

Ilipatikana siku ya pili kwenye mikoko. Niliifungua mezani. Chumvi ilikuwa imekaa kwenye ubao wa saketi kama sukari iliyomwagika, na kila palipokuwa na shaba pamegeuka kijani. Nahodha aliniuliza kwa upole, “Kwani hukuona kama tunakwenda na maji?” Yeye aliona tangu mwanzo. Alidhani najua. Ningekuwa na mtu mmoja tu kando yangu wa kutazama mashua na droni huku mimi natazama kioo, angenigusa bega dakika ya tatu.

Ndiyo maana hapa, anayevaa miwani ya kurushia, ile inayokuonyesha picha ya kamera kana kwamba umekaa ndani ya ndege, haruki bila mtu wa pili hata kama ana uzoefu wa miaka kumi. Miwani ile ni raha isiyo na kifani. Unapita chini ya tawi la mwembe na moyo unaruka. Lakini aliyeivaa haoni ng'ombe anayekatiza kiwanja, haoni mtoto aliyekimbilia mpira. Anayeona ni yule aliyesimama naye.

Nije kwenye mafunzo. Wengi wenu vijana mmekuja kwa ajili ya droni, na sina ugomvi na hilo. Droni ni chombo cha ajabu. Rafadha mbili zinazunguka upande huu, mbili upande ule, ili chombo kisijizungushe chenyewe; katikati pana kompyuta ndogo inayosoma mwinamo wake mamia ya mara kwa sekunde na kuirekebisha kasi ya kila mota kabla jicho lako halijaona kitu. Ukiachia vijiti, inasimama hewani inakungoja. Tatizo ni kwamba mwanafunzi aliyeanza na chombo kinachomngoja hajui afanye nini siku kitakapoacha kumngoja, setilaiti zikipotea au dira ikichanganywa na mabati. Kwa hiyo kwetu kila mtu, awe mkubwa awe mdogo, anaanza na ndege ya bawa. Ndege ya bawa haisimami. Lazima uifikirie mbele.

Nitawaonyesha kwa mfano. Mwezi uliopita tulikuwa na kijana wa miaka 12. Rimoti yake na ya mwalimu zimeunganishwa kwa waya. Mwalimu akishikilia swichi mwanafunzi anarusha, akiiachia ndege inarudi kwa mwalimu. Yule kijana alikuwa akienda vizuri, ndege ikienda mbali naye. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Akaigeuza irudi. Hapo ndipo kila mmoja wetu alipowahi kulia, kwa sababu ndege ikija kuelekea kwako mikono inageuka: kulia kwake ni kushoto kwako. Bawa likainama, akasukuma kijiti upande wa kinyume, bawa likainama zaidi. “Ami, inakuja kwangu! Ami!”

Mzee wetu, yule mwalimu, hakuichukua ndege. Alikuwa na swichi chini ya kidole na ndege ilikuwa juu ya kutosha. Akamwinamia sikioni, akamwambia, “Sahau kulia, sahau kushoto. Bawa lipi limeinama?”

“Lile la upande wa mbuyu.”

“Basi kisukume kijiti huko huko kwenye mbuyu. Liegemeze bawa.”

Kijana akasukuma. Bawa likainuka. Kijiti kilikuwa kama mwega unaoutia chini ya ukuta unaoegama. Uso wake ulivyobadilika siwezi kuueleza. Nendeni mkamuulize, yuko pale karibu na dirisha, na leo atarusha peke yake. Lile neno la “sukuma kwenye bawa lililoinama” ni la zamani sana kwenye mchezo huu, linapita mdomo kwa mdomo. Unaweza ukalisoma mahali, lakini kulisoma na kuambiwa sikioni wakati magoti yanatetemeka ni vitu viwili tofauti.

Watoto mliokwisha kurusha tiara mmeshajifunza zaidi ya mnavyodhani. Mnajua kwamba uzi ukifungwa chini mno tiara haipandi, ukifungwa juu mno inapiga mbizi, na kuna mahali pa katikati panapotafutwa kwa mkono hadi papatikane. Ndege nayo ina mahali pake. Tia ncha za vidole viwili chini ya bawa, moja kila upande, kama robo ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, kisha inyanyue. Ikilala sawa au pua ikashuka kidogo, sawa. Ikilalia mkia, usiirushe, hata kama kila kitu kingine ni kizuri na rafiki zako wote wanangoja. Sogeza betri mbele, pima tena. Ndege nzito mkiani haishikiki. Ikiinua pua haitaki kuishusha, inasimama hewani kama mtu aliyesahau alilokuja kusema, kisha inaanguka kwa bawa moja.

Na kabla ya kila mruko, kila mruko hata kama ulitua dakika tano zilizopita, unasukuma kijiti kulia na unatazama: kibawa kilichoko nyuma ya bawa la kulia kinainuka, cha kushoto kinashuka. Unamwambia mtu wa pili kwa sauti, “Kulia,” naye anajibu, “Kulia, sawa.” Ukiona tumefanya hivyo msione ni mchezo wa kuigiza. Nimezika ndege mbili kwa sababu ya waya uliochomekwa kinyume baada ya matengenezo, na zote mbili nilikuwa nimezikagua mimi mwenyewe, peke yangu, kwa haraka.

Betri. Wazazi, hapa nawaomba masikio. Betri zetu ni za lithiamu polima, nyepesi na zenye nguvu nyingi, na zikitendewa vibaya zinawaka moto ambao haupulizwi ukazimika. Kila seli ina volti 3.7 kwa kawaida, 4.2 ikijaa, na ikishuka chini ya 3 huwa imeumia hata kama inaonekana nzima. Ukiikuta imevimba kama chapati ya kwanza kikaangoni, hiyo imekwisha. Usiitoboe, usiirudishe kwenye chaja, ilete klabuni. Haichajiwi mtu akiwa amelala. Haichajiwi juu ya godoro. Isiyotumika kwa wiki nzima inashushwa hadi kama volti 3.8 kwa seli na kuwekwa ndani ya sanduku la bati. Na joto letu la pwani mnalijua: usiiache kwenye gari lililofungwa vioo saa saba mchana. Chumba cha kuchajia pale nyuma kina ndoo mbili za mchanga, na ndoo hizo hazitumiwi kwa kazi nyingine yoyote, hata kwa dakika moja, hata kushikia mlango.

Sheria nitaipitia haraka kwa sababu utapewa karatasi yake. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ni za mwaka 2020. Chombo kinasajiliwa, na mmiliki awe ametimiza miaka 18, kwa hiyo vijana, chombo kitakuwa cha mzazi au cha klabu. Haturuki zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Fikiria minazi minne mirefu iliyosimama mmoja juu ya mwingine, hapo ndipo mwisho. Tunakaa mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika na shughuli yetu. Tunakaa kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na kilomita 7 kutoka vile vidogo. Ndiyo maana tunasafiri hadi bara, upande wa Ganze, badala ya kurusha hapa hapa mjini palipo karibu na kila mtu. Hifadhi za wanyama na za bahari ni marufuku bila kibali, na mkipita kwenye msitu wa Arabuko Sokoke masanduku yawe yamefungwa.

Lakini kuna sheria moja ambayo kwangu ni kubwa kuliko hizo zote, na nitakaa nayo kidogo. Nyumba zetu za pwani zina ua. Ua ni chumba kisicho na paa. Mama anamwogesha mtoto pale, binti anasuka nywele kichwa wazi, mgonjwa anaota jua. Ukuta ule ulijengwa kuzuia jicho la mpita njia, na aliyeujenga hakuwaza kwamba siku moja jicho litapita juu. Mwanachama wetu mmoja, si mtu mbaya, alipitisha droni juu ya nyumba za watu akirudi kutoka kupiga picha machweo. Hakuwa akimtafuta mtu. Mama mmoja aliusikia ule mngurumo wa nyuki, akainua uso, akaiona kamera. Alikuja kiwanjani siku ya pili na kaka zake. Hakutukana. Alisimama pale akasema, “Nimekaa nyumba ile miaka ishirini na sita sijawahi kujifunika nikiwa kwangu. Jana nimejifunika.”

Tulifuta picha zile mbele yake. Ijumaa tukaenda watu sita nyumbani kwake kuomba radhi, pamoja na yule mwanachama, na wazee wa mtaa wakiwapo. Tangu siku hiyo hakuna droni ya klabu inayopita juu ya paa la mtu, awe yupo au hayupo, kamera iwe imewashwa au imezimwa. Mtu wa pili akiona chombo kinaelekea kwenye nyumba, halazimiki kumshauri rubani. Anasema “Geuza,” na rubani anageuza kwanza, maswali baadaye.

Mzazi mmoja aliniuliza mlangoni, haya yote yatampeleka mwanangu wapi? Ni swali la haki, kwa sababu yanakula muda na yanakula pesa. Rwanda tangu Oktoba 2016 damu inafikishwa hospitalini kwa ndege zisizo na rubani zinazotoka Muhanga. Ndege zile ni za bawa, kama tunazofundishia hapa. Zinafyatuliwa kutoka kwenye reli, zinafika hospitali, zinadondosha boksi kwa parashuti, zinarudi. Zanzibar mwaka huo huo wa 2016 wanafunzi wa chuo kikuu cha taifa walishiriki kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili ipatikane ramani ya visiwa vyote. Mwaka 2018 ndege iliyopaa na kutua wima ikapeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, safari ambayo kwa barabara na kivuko inakula saa kadhaa. Kazi hizo zina watu wanaozifanya, wanaolehemu waya, wanaosoma upepo, wanaojaza daftari la betri. Daftari la betri mtaanza kulijaza leo.

Ila sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Wengi wa watoto hawa hawatakuwa marubani wa chochote. Mimi ni fundi wa majokofu. Nimekaa kwenye mchezo huu kwa sababu saa moja asubuhi, upepo ukiwa umelala, ndege niliyoikata mwenyewe kutoka kwenye foamu ya maboksi ya samaki inaondoka mkononi mwangu, inazama kidogo, inasita, halafu inabeba. Ile sekunde inapobeba. Nimeiona maelfu ya mara na sijaizoea.

Mabinti mliokuja, mko saba, nimehesabu. Mwaka jana walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye sasa anayefundisha kulehemu. Rimoti za kuazima zipo sita. Asiye na pesa ya ndege atakata yake hapa klabuni, foamu na gundi ni za wote, mota na betri utaazima hadi utakapopata zako. Asije mtu akakaa nyumbani kwa kuona haya.

Basi tuinuke. Fundi wetu amesimama pale na ubao. Wageni mtasimama kama macho ya pili leo nzima, kila mmoja na rubani wake. Mtajifunza majina yao njiani. Namba 1 na namba 2 ni za wakufunzi. Namba 4 ibaki ubaoni mpaka tuone upepo unasemaje. Hii namba 3 ni ya kijana wetu wa pale dirishani. Njoo uichukue, mwanangu. Ndege yako ni ile ya njano, na mtu wako wa pili leo ni mimi.

Mkague maji ya kunywa, mkague kofia, gari la kwanza linaondoka sasa hivi.